KUBADILI SURA YA TOVUTI BILA KHASARA

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mwauliza kwa nini tovuti ya chama haivishwi sura mpya mara tu toleo lake linapotoka. Twaona yapasa tueleze.

Tovuti yetu huendeshwa kwa WordPress, programu iliyotoka mwaka 2003. Humo matangazo na bei hukaa mbali, na sura mbali, mithili ya nyumba ya Mji Mkongwe: kuta mbali, chokaa mbali.

Khatari ni hii. Toleo jipya hufuta faili za sura ya zamani na kuweka zake. Fundi akiwa ametia jadweli ya bei ndani ya faili hizo, jadweli hupotea. Basi mabadiliko yetu hutiwa katika sura ya pili, iitwayo mtoto, inayomrithi mzazi wala haifutwi pamoja naye.

Tena hufuatwa taratibu hizi:

1. Hutolewa nakala ya faili zote na ya hifadhidata, ikawekwa mahala pengine.

2. Sura mpya hujaribiwa katika tovuti ya nakala, na kutazamwa kwa simu, kwani walioko shamba husoma kwa simu.

3. Kazi haifanywi wakati wa mavuno, mwanachama anapotaka bei kabla ya kupeleka karafuu kituoni.

Lakini kukawia mno nako si salama, kwani aghlabu matoleo mapya huziba matundu wanayopitia wezi.

Mwenye kuona kasoro atuarifu ofisini.

Katibu