Kabla ya Kutuma Pesa: Jinsi ya Kukagua HiAce ya Zamani

Chama chenu kimechanga miaka miwili, na sasa mmeona HiAce ya zamani mtandaoni. Picha zinang'aa, bei iko chini kidogo, na muuzaji anasema kuna mteja mwingine njiani: "Tuma elfu hamsini nikushikie." Tulia kwanza. Pesa ikishatoka kwa simu, kuirudisha si rahisi. Kagua mambo haya matano.

1. Anza na makaratasi
Itisha namba ya gari, kisha utafute rekodi zake mwenyewe kwa huduma za NTSA kupitia eCitizen. Ada haifiki hata KSh 1,000. Linganisha jina la mwenye gari, namba ya chesisi na namba ya injini na yaliyo kwenye logibuku na kwenye gari lenyewe. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo kando ya jina la mwenye gari, jua huenda kuna deni. Mwenye deni akija, gari linaweza kuchukuliwa hata kama wewe umelipa kila shilingi.

2. Lala chini ya gari
Rangi mpya juu haikuambii kitu. Angalia chesisi, ngazi ya mlango na sakafu chini ya mikeka. Gari lililofanya kazi Pwani hupata kutu mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi. Beba sumaku ndogo: mahali isiposhika vizuri, huenda bodi imezibwa kwa fila. Ukikuta kutu imekula chesisi, achana nalo.

3. Sikiliza injini ikiwa baridi
Fika asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe mapema. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Inua kiti, sogeza mkono karibu. Ikiwa tayari ina joto, uliza kwa nini. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu unamaanisha inachoma oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili pia: ukikuta utando kama maziwa, maji na oili huenda vimechanganyika, na hapo unakaribia gharama ya kufungua injini.

4. Usiamini mita peke yake
Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Kama inasoma kilomita chache lakini pedali zimeisha na kiti cha dereva kimebonyea, amini pedali. Kwenye tairi, soma tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha uliendeshe barabara mbovu, na uende na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Kama mnataka libebe abiria, ulizeni pia kuhusu ukaguzi wa NTSA, kidhibiti mwendo na sacco mtakayoingia. Hizo zote ni gharama.

5. Sasa ndio ulipe
Usitume pesa ya kushikilia gari ambalo hujaliona. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini: liwe la mwenye gari aliye kwenye rekodi. "Tuma kwa namba ya shemeji yangu" ni sababu ya kusimama. Vilevile, akikuomba ugawanye pesa kwa namba tatu tofauti, kataa. Kiasi kikubwa kilipwe kupitia benki, baada ya kuandika mkataba na kuweka sahihi mbele ya mashahidi. Hifadhi ujumbe wa kila muamala. Ndio ushahidi wako.

Usikawie kubadilisha umiliki. Sheria inakupa siku 14 tangu gari libadilishe mikono. Kadiri jina la mwenye zamani linavyobaki kwenye rekodi, ndivyo kesi na madeni yake yanavyoweza kukufuata.

Na yule mteja mwingine aliye njiani? Kama yupo kweli, mwache anunue. Gari lingine litapatikana. Pesa ya chama ikipotea, hata kuitisha mkutano itakuwa shida.