Je, Wajua? Kabla Etaje Haijapanda Mjini Kati

Je, wajua kuwa Nyakabiga iliwahi kuwa tarafa yenye kujitegemea? Mji wa Bujumbura ulikuwa na tarafa 13. Katikati ya miaka ya 2010 zikaunganishwa zikawa tatu: Ntahangwa, Mukaza na Muha. Nyakabiga ikatiwa Mukaza pamoja na Bwiza, Buyenzi na Rohero. Kwa hiyo jumba lolote linalopandishwa Rohero, mjini kati, liko kwenye tarafa yetu wenyewe, na mkaaji wa Nyakabiga ana haki ya kuuliza habari zake.

Je, wajua mji huu ulianzaje? Kwa kambi ya askari wa Kijerumani, mwaka 1897, ikiitwa Usumbura. Wabelgiji wakaifanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Jina la Bujumbura lilikuja na uhuru, 1962.

Je, wajua kuwa zile nyumba za mlimani Kiriri, ambako leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, zilijengwa miaka ya 1950 kama shule ya Wajesuiti, Collège du Saint-Esprit? Wanafunzi wengi hupanda pale kila siku bila kuijua habari hiyo.

Je, wajua ni nani hushughulikia kibali cha kujenga? Ni OBUHA, ofisi ya taifa ya mipangomiji, makazi na ujenzi, na sheria inayotawala kazi hiyo ni ya mwaka 2016. Ila kuna sheria nyingine, ya 1983, inayolinda urithi wa utamaduni wa taifa. Hapo ndipo penye kazi. Mwenye parseli huja na ramani na hati zake zote. Nyumba ya kale iliyo jirani haina mtu wa kuisemea, isipokuwa iwe imekwisha kuandikwa mahali kwamba inalindwa. Mimi naona orodha ya nyumba zinazolindwa itangulie, kibali kifuate.

Je, wajua soko kuu liliteketea lini? Jumapili, 27 Januari 2013, asubuhi. Moto uliwashinda wazimamoto wa mji hadi helikopta zikaja kutoka Rwanda kusaidia kumwaga maji. Wafanyabiashara wakatawanyika, wengine Jabe, wengine Ruvumera, wengine Ngagara. Lile gofu lilibaki katikati ya mji miaka mingi, nguzo nyeusi na mabati yaliyojikunja. Kwa hiyo asije mtu akadhani anayetetea ya kale anataka mji ubaki magofu. La hasha! Mjini kati panahitaji kujengwa. Swali ni kijengwe nini, kwa kimo gani, na karibu na nini.

Je, wajua kuwa Zanzibar swali hilo walilijibu kwa taabu? Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, Shangani, ubavuni mwa jumba la kale la Mambo Msiige, kukapandishwa hoteli ya Park Hyatt, iliyofunguliwa 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wa jengo jipya na jinsi lilivyousogelea ufuo. Jumba la kale limesalia, sasa likiwa sehemu ya hoteli.

Je, wajua kuwa hadi sasa ni mahali patatu tu duniani palipofutwa kabisa kwenye Orodha hiyo ya Urithi wa Dunia? Hifadhi ya choroa ya Oman, 2007. Bonde la Elbe mjini Dresden, Ujerumani, 2009, kwa sababu ya daraja. Na bandari ya Liverpool, Uingereza, 2021. Hii ya Liverpool itazameni vizuri: Februari mwaka huo baraza la jiji liliidhinisha uwanja mpya wa klabu ya Everton kwenye gati la kale la Bramley-Moore, Julai kamati ikapiga kura, 13 kwa 5, jina likafutwa. Uwanja ulifunguliwa 2025, una viti zaidi ya 52,000, na mashabiki hawana habari na orodha ya mtu. Angalau baraza la jiji lilijua linachokipoteza.

Je, wajua Burundi ina sehemu ngapi kwenye orodha hiyo? Hakuna hata moja. Tunachojivunia ni ngoma za kifalme, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2014 kama urithi usioshikika.

Basi, ndugu msomaji, ukipita Rohero ukaona parseli imezungushiwa mabati, simama usome bango: nani anajenga, ghorofa ngapi, kibali namba ngapi. Bango likikosekana, nenda tarafani ukaulize.