Mtoto anasoma kwa Kifaransa, nyumbani azungumze lugha gani?

Kwa miezi karibu mitatu mwaka jana, mtoto wa dada yangu alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Ukimuuliza kama anataka uji, anainamisha kichwa. Ukimuuliza kama amechoka, anakitikisa. Ana miaka minne, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kukusimulia katuni nzima bila kukupa nafasi ya kumeza tonge.

Kilichobadilika ni shule. Septemba alianza chekechea kwenye shule ya lugha mbili hapa Dar es Salaam. Sehemu ya siku anafundishwa kwa Kifaransa kwa kufuata mtaala wa Ufaransa, na sehemu nyingine anafuata mtaala wa Tanzania. Shemeji yangu ni mtu wa Bukavu, amesoma kwa Kifaransa tangu utoto, na kazi yake inaweza kuwarudisha Congo wakati wowote. Walitaka siku hiyo ikifika, mtoto asianze upya.

Hadi hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilianza pale dada alipoamua kwamba ili mtoto ashike lugha haraka, Kiswahili kikome nyumbani. Ni Kifaransa tu, kuanzia mlango wa mbele hadi jikoni. Lakini dada mwenyewe Kifaransa chake ni cha kozi ya jioni. Anaweza kusema nawa mikono, kula, vua viatu, nenda ukalale. Hadithi za sungura, utani wa kumbembeleza mtoto anayenuna, maelezo ya kwa nini mvua inanyesha, vyote hivyo kwake viko kwa Kiswahili. Vikanyamaza.

Mama yetu alipokuja kutoka Tanga kutusalimia, alimwita mjukuu wake mara mbili akiwa amempa mgongo. Mtoto hakugeuka.

“Mwanangu, huyu mtoto mmemfanya nini?” alimuuliza dada.

Jioni ile nyumba iligawanyika. Mama alitaka mtoto ahamishwe shule. Shemeji alisema asubiriwe, atazoea. Jirani akashauri apelekwe akakatwe kimeo, kwamba ndicho kinachozuia watoto kuongea. Nikapigiwa simu mimi, mama mdogo ninayeandika habari za afya, nikaombwa niamue.

Niliomba mambo mawili. Mtoto asikatwe chochote kooni, kwa sababu kukata kimeo hakumfanyi mtoto aongee, na kunaweza kumsababishia kuvuja damu nyingi au maambukizi. La pili, apelekwe kupimwa masikio. Tulipomweleza mwalimu wake, alisema naye alikuwa anapanga kutuita. Alikuwa ameona kwamba mtoto anafuata maelekezo akimtazama usoni, lakini mwalimu akizungumza huku anaandika ubaoni, yeye anabaki ameduwaa.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, mabaki ya mafua yaliyokuwa yakimrudia. Mtoto hakuwa kiziwi. Alikuwa anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye maji.

Kwa nini hatukugundua mapema

Hali hii huwapata watoto wengi wenye umri chini ya miaka mitano, na mara nyingi haina maumivu wala homa. Kwa sehemu kubwa ya watoto majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yasipokauka, daktari anaweza kushauri matibabu, ikiwamo kuweka kijibomba kidogo kwenye ngoma ya sikio ili hewa ipite.

Lugha mpya ndiyo iliyolifichua jambo hili. Mtoto mwenye usikivu hafifu anaweza kuishi vizuri na lugha aliyozaliwa nayo, kwa sababu akisikia nusu ya neno, nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe. Ukisema “nenda kanawe mi...” anajua unataka mikono. Kwenye lugha aliyokutana nayo wiki ya tano, hana cha kujazia. Basi anakaa kimya, na watu wazima wanadhani amechanganyikiwa na lugha.

Mzazi, dalili za kuangalia ni hizi: anaongeza sauti ya televisheni kila mara, anauliza “eeh?” mara kwa mara, anaitika akikuona lakini haitiki ukiwa nyuma yake, au anaonekana mtukutu asiyesikia la mkuu. Usimtie mafuta wala pamba za vijiti sikioni. Mpeleke apimwe. Na kama kuna mtu anavuta sigara ndani ya nyumba, avutie mbali na mtoto, kwa sababu moshi huo unaongeza uwezekano wa matatizo ya masikio.

Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea

Hofu hii nimeisikia kliniki, saluni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi. Utafiti wa miaka mingi katika nchi mbalimbali hauiungi mkono. Watoto wanaokua na lugha mbili au tatu huanza kusema maneno yao ya kwanza katika umri uleule wa watoto wa lugha moja.

Kinachowachanganya wazazi ni hesabu. Mtoto wa lugha mbili anaweza kuwa na maneno machache ya Kifaransa kuliko mwenzake wa Paris, na machache ya Kiswahili kuliko mwenzake wa Tandale. Ukijumlisha lugha zote mbili, kwa kawaida yuko sawa. Kwa hiyo ukitaka kujua mtoto wako ana maneno mangapi, hesabu yote, ya lugha zote.

Kuchanganya maneno nako siyo ugonjwa. Mtoto akisema “mama nataka eau” hajapotea. Anajua anataka maji, na ametumia neno lililokuja kwanza. Sisi wenyewe tunachanganya Kiswahili na Kiingereza kutwa nzima, wala hatupelekani hospitali.

Pia kuna kimya cha kawaida. Mtoto aliyeingizwa kwenye lugha asiyoijua anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akisikiliza tu darasani. Tofauti yake ni kwamba nyumbani, kwa lugha yake, anaendelea kupiga soga kama zamani. Akinyamaza kotekote kama wetu alivyofanya, usiseme atazoea.

Vilevile usisingizie lugha pale unapoona haya: mtoto wa mwaka mmoja ambaye habwabwaji wala hanyooshi kidole kuonyesha kitu, wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja katika lugha yoyote, wa miaka miwili ambaye haungi maneno mawili kama “baba njoo”, au mtoto wa umri wowote aliyekuwa akiongea kisha akaacha. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu, awe wa lugha moja au nne.

Mwachie mtoto Kiswahili chake

Wazazi wengi wanapolipa ada kubwa kwa ajili ya lugha ya kigeni, huona Kiswahili kama mshindani wa lugha hiyo. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto anayejua kusimulia jambo kwa lugha moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, anauhamishia ujuzi huo kwenye lugha ya pili. Anachokosa ni maneno tu, na maneno yanafundishika.

Hata kusoma ni hivyo. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, kwa muda mfupi anasoma maneno mengi. Kifaransa hakina huruma hiyo: herufi tatu, e, a na u, zikikaa pamoja zinatamkwa “o”, na herufi kadhaa za mwisho wa maneno hazitamkwi kabisa. Mtoto aliyekwishajua kwa Kiswahili kwamba alama kwenye karatasi ni sauti, anaingia kwenye mzigo huo akiwa na pa kushika.

Kanuni rahisi ni kila mzazi azungumze na mtoto lugha anayoiweza vizuri. Kwa nyumba ya dada, baba aliendelea na Kifaransa chake, na mama akarudi kwenye Kiswahili chake cha Tanga. Kiswahili cha Bukavu na cha Tanga havifanani, lakini mtoto anavisikia vyote na havimsumbui.

Hata Kifaransa chenyewe kina sura zaidi ya moja. Shuleni sabini inaitwa soixante-dix, yaani sitini na kumi. Baba yake, kama watu wengi wa Congo, Rwanda na Burundi, anasema septante, kama Wabelgiji. Mtoto akija na neno tofauti na la mwalimu, usimwambie baba kakosea. Mwambie watu wa sehemu mbalimbali husema tofauti.

Mitaala miwili, mwili mmoja

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Sasa piga hesabu ya Dar. Mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule anatakiwa awe amelala saa 1 usiku ili apate saa 10. Wangapi wamelala saa hiyo? Wengi ndiyo kwanza wamefika kutoka kwenye foleni, na mkoba una kazi za mitaala miwili.

Mtoto asiyelala vya kutosha huwa mkali, husahau haraka na huonekana mzito wa kuelewa. Kabla ya kuongeza mwalimu wa ziada, angalia kwanza anaingia kitandani saa ngapi. Kama kazi za nyumbani zinamfikisha saa 3 usiku kila siku, nenda ukazungumze na shule. Shule yenye mitaala miwili inapaswa kuwa imekaa chini na kupatanisha masomo, ili hesabu zilezile zisifundishwe mara mbili kama vitu viwili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, uliza kama mtaala wa Ufaransa unaotangazwa umeidhinishwa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa, na kwa madarasa yapi. Idhini hiyo hutolewa kwa ngazi, hivyo chekechea inaweza kuwa nayo na sekondari ikakosa. Shule zilizoidhinishwa duniani ni karibu 600, na taasisi inayosimamia mtandao wao, AEFE, ipo tangu mwaka 1990. Kwa upande wa Tanzania, uliza namba ya usajili wa serikali.

Pili, mtoto atafanya mitihani gani? Kama ataishia kwenye baccalauréat ya Ufaransa, utahitaji kupata ulinganifu wa cheti chake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania iwapo ataendelea na masomo hapa nchini.

Tatu, mwaka wa masomo unaanza lini? Shule za Ufaransa huanza Septemba, zetu huanza Januari. Ukimhamisha katikati, mtoto anaweza kurudia miezi kadhaa au kuiruka. Ufaransa pia huanza darasa la kwanza, wanaloliita CP, katika mwaka ambao mtoto anatimiza miaka sita.

Nne, Kiswahili ni somo lenye mwalimu na vitabu, au ni lugha ya mapumziko tu?

Tano, kama hamtakaa kwenye mfumo huo, mtatokaje? Lugha iliyosomwa miaka miwili ikaachwa, kwa mtoto mdogo, husahaulika haraka. Kama ada ya miaka yote haionekani mbele, ni heri kujua leo kuliko mtoto kujua akiwa darasa la tatu.

Mtoto wetu leo

Masikio yalikauka kabla ya miezi mitatu kwisha, bila upasuaji. Hakuhamishwa shule. Kiswahili kilirudi nyumbani, na sauti yake ikarudi nacho, kwanza kidogokidogo, kisha kwa fujo. Kifaransa sasa kinamtoka bila kulazimishwa, hasa akiwa anagombana na wenzake.

Kilichobaki ni saa. Kwa Kifaransa saa zinahesabiwa tofauti na zetu, na bado hajazipatanisha. Wiki iliyopita bibi yake alimuuliza kwenye simu wanatoka shuleni saa ngapi.

“Saa mbili, bibi.”

“Saa mbili usiku? Watoto wadogo wanafanya nini huko mpaka usiku?”

Ilibidi dada achukue simu amweleze kwamba ni saa nane mchana. Mtoto naye hakukubali kushindwa. Alirudi kwenye simu na kuanza kumfundisha bibi kuhesabu saa kwa Kifaransa, na bibi, aliyekuwa akitaka ahamishwe shule, alikuwa anarudia kila neno.