Besi Imepotelea Mlangoni

Msomaji mmoja wa Ifakara, dereva wa Toyota Noah anayepeleka abiria Mlimba na kurudi, ameniletea swali lenye uchungu ndani yake. Spika za kiwandani zilizokuja na gari kutoka Japani zilikuwa zimechanika raba, zinakoroma kila akiongeza sauti. Akaenda Dar es Salaam akanunua mpya: kubwa, nzito, sumaku nene, boksi limeandikwa wati kwa mamia. Akarudi nazo, fundi akazifunga jioni moja. Sauti za juu zikatoka safi kuliko zamani, gitaa la solo unalisikia kama limekaa kiti cha mbele. Besi, hata hivyo, imetoweka. Spika zile mbovu zilikuwa nayo, hizi nzima hazina. Anauliza kama ameuziwa feki.

Sidhani. Nadhani spika zake ni nzima na hela yake haikupotea, na swali lake limenifurahisha kuliko maswali yote niliyoletewa mwaka huu.

Sitaeleza hapa namna umeme unavyogeuka sauti. Yeyote aliyewahi kufungua redio mbovu ameiona koili na sumaku yake. Deki nayo tuiache. Wengi huanza kuibadilisha hiyo, kwa kuwa redio za magari ya Japani zilitengenezwa kushika FM ya 76 hadi 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuhusu wati za kwenye boksi nitasema jambo moja tu: deki isiyo na amplifaya ya nje, inayotegemea volti 14 za gari, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati ishirini na kitu za muziki safi, hata boksi liandikwe nini. Basi, twende kwenye besi.

Spika ina nyuso mbili. Karatasi yake ikisogea mbele, hewa ya mbele inabanwa, na wakati huohuo hewa ya nyuma inalegezwa. Ikirudi, mambo yanageuka. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili kwa mpigo mmoja, moja mbele na moja nyuma, na hizo mbili ni kinyume kabisa: huku ikiwa mbano, kule ni ulegevu. Zikikutana hazichanganyiki zikawa sauti mbaya. Zinafutana. Mbano unakwenda kujaza ulegevu, na kinachobaki cha kusikia ni kidogo mno.

Kwa nini basi besi ifutike na sauti za juu zipone? Hapa naomba tutoke kwenye gari, twende shambani.

Ingia kwenye jaruba la mpunga, maji yakiwa nusu ya muundi. Zamisha kiganja ukikikunjua kama kasia, kisha sukuma maji polepole. Hutaona kitu. Maji ya mbele yanazunguka pembeni mwa kiganja na kwenda kujaza pengo lililobaki nyuma. Wewe umetumia nguvu, jaruba limelala kama lilivyokuwa. Sasa tikisa kiganja hichohicho kwa kasi, mapigo mafupi mafupi. Maji hayapati muda wa kuzunguka. Kabla hayajafika ukingoni mwa kiganja, kiganja kimeshageuza mwendo, na vijiwimbi vinakimbia mpaka kwenye tuta. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni muda ulioyapa maji wa kutoroka.

Besi ndiyo ule msukumo wa polepole. Noti nzito ya gitaa la besi ina mitikisiko kama 50 kwa sekunde. Katika joto la Ifakara sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa mita 7, refu kuliko Noah yenyewe. Mbele ya wimbi la namna hiyo spika ya sentimita 16 ni kiganja kilichozama: hewa ina muda tele wa kuuzunguka ukingo na kwenda kujifuta. Mlio wa tasa za ngoma wenye mitikisiko 5,000 una wimbi la sentimita 7 tu, na huo unaruka mbele kabla ya kuvutwa nyuma. Ndiyo maana spika ikijaribiwa dukani hali imeshikwa mkononi, waya mbili zikining'inia, hulia kama simu ndani ya kopo. Fundi akiilaza kifudifudi juu ya tundu la boksi, ghafla inanenepa.

Jaruba bado lina la kutufundisha. Kati ya jaruba na jaruba kuna tuta, na kwenye tuta huachwa mlango wa maji. Toa kiganja chako katikati ya maji, kipeleke pale mlangoni, kiwe ubao unaoenea barabara bila upenyo wowote. Sukuma tena polepole, kama mara ya kwanza. Safari hii maji hayana pa kuzungukia, tuta limeyazuia kulia na kushoto. Yanapanda upande huu na kushuka upande ule, na miche ya mpunga iliyo mbali na wewe inayumba kwa mkono ambao dakika moja iliyopita haikuuhisi. Hujaongeza nguvu hata chembe, umeazima tuta. Halafu aje kaa atoboe tundu karibu na ubao wako. Tundu moja linatosha. Kila ukisukuma, maji yanapita pale, na kadiri unavyosukuma taratibu ndivyo yanavyopita kwa raha.

Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walipochapisha mwaka 1925 maelezo ya spika yao isiyo na tarumbeta mdomoni, hawakuiacha ielee hewani. Waliipa tuta la kutenganisha mbele na nyuma. Karibu kila spika inayofungwa kwenye mlango wa gari leo ni kitukuu cha ile.

Sasa tuta la spika tuliite nani? Jambo hili limeninyima usingizi kuliko inavyostahili. Spika yenyewe tumeshaikubali, ingawa tunalo neno kipaza sauti, kwa sababu kipaza sauti kwa wengi ndicho anachokishika mhubiri. Kwa karatasi yake ninapenda neno la darasa la hisabati, pia, maana umbo lake ni hilohilo la pia. Lakini ule ukuta unaotenga mbele na nyuma hauna jina. Mafundi husema ubao, au boksi. Ubao haunitoshi, kwa kuwa chuma cha mlango nacho hufanya kazi hiyo, na boksi ni aina moja tu ya kitu chenyewe. Nilifikiria kizuizi, nikakiacha: kizuizi ni cha barabarani, husimamisha kinachopita, na hapa hatusimamishi bali tunatenga. Kinga imeshachukuliwa na chanjo. Neno ninalolitaka limo kwenye nyumba za miti na udongo, nalo ni kiambaza. Kiambaza kinachogawa chumba na chumba hakimzuii mtu kusema. Kinafanya ya huku yabaki huku na ya kule yabaki kule. Na ubora wake hujulikana kwa kukandikwa. Ukibaki upenyo mmoja, siri zote za chumba cha pili unazo. Spika hufungwa kwenye kiambaza, na kiambaza hukandikwa. Nitaandika hivyo mpaka mhariri achoke.

Turudi kwa Noah. Mlango wa gari una mabati mawili, la nje linaloonekana barabarani na la ndani lililofichwa na kava. Spika imekaa kwenye bati la ndani, na bati hilo ndilo kiambaza chake. Lakini kiwandani hulitoboa matundu makubwa ili mikono ifikie kioo na mota yake. Ukiacha matundu hayo wazi, una jaruba lenye kaa watano. Kwa hiyo kiwandani huyafunika kwa nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Wengi hudhani nailoni ile ni ya kuzuia maji ya mvua, na kweli huzuia, ila pia ni sehemu ya kiambaza. Fundi mwenye haraka huichana, hufunga spika, hurudisha kava, na nailoni inaishia kwenye pipa la taka.

Kosa la pili liko kwenye spika yenyewe. Spika nyingi za Toyota za kiwandani huja na beseni lao la plastiki lililoumbwa pamoja nazo, lenye kina kinachofaa mlango na sponji ukingoni, na hukaa kwenye bati kama kifuniko cha sufuria. Spika ya dukani ina fremu ya chuma, nyembamba, ya duara, iliyotengenezwa kwa magari yote na kwa hiyo hailitoshi hata moja. Ikifungwa kwa skrubu mbili pale ambapo tundu ni pana kuliko yenyewe, unabaki ufa unaopitisha kidole, kwenye ukingo wa spika penyewe, mahali ambapo njia ya kutoroka ni fupi kuliko zote.

Kwa somo hili la sauti kujifuta, wakazi wa bonde la Kilombero, huko Ifakara, wana walimu walio karibu mno. Mbu. Jike la mbu wa malaria hupiga mbawa mara 400 hadi 600 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina zaidi ya nusu mita, wakati ubawa wenyewe una kama milimita 3. Ukishuka, hewa ya chini inabanwa na ya juu inalegea, bila kiambaza chochote. Ni spika iliyoshikwa mkononi dukani, ndogo mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mbu hupiga kelele akiwa sikioni, na ukimpunga akasogea urefu wa mkono hujui tena aliko: sauti yake imejifuta njiani. Dume anayemtafuta jike katika kundi la jioni naye halitegemei wimbi linalosafiri mbali. Anasikia kwa vipapasio vyenye manyoya, vinavyopeperushwa na hewa inayochezacheza karibu na mbawa, na chini ya manyoya hayo kuna kiungo ambacho daktari wa Marekani, Christopher Johnston, alikieleza mwaka 1855. Watafiti wa Ifakara, katika taasisi iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, wamekwenda vijijini jioni kuyatafuta makundi hayo ya madume na kuyachora kwenye ramani. Nikiwaza kwamba wamesimama ukingoni mwa mashamba ya mpunga wakiwatazama viumbe wenye shida ileile ya spika za Noah, nasisimka.

Sasa tiba. Kava litolewe tena. Nailoni nyingine ibandikwe, nzito kuliko ya kwanza, iguse bati pande zote. Mwenye uwezo afunike matundu makubwa kwa bati jembamba au plastiki ngumu na aache nafasi ya kuondolewa mota ikiharibika. Kati ya spika na bati iwekwe ringi ya mbao ya unene wa sentimita 2 hivi, iliyokatwa kwa kipimo cha tundu la mlango upande mmoja na cha spika upande wa pili. Mbao za unga zilizobanwa zinavimba zikilowa, na ndani ya mlango maji ya mvua hupita kila siku ya masika. Ila bonde hili limepandwa mitiki kwa maelfu ya ekari, na kipande cha mtiki kilichobaki kwa seremala kitadumu kuliko gari. Chini ya ringi, sponji au mpira wa tyubu ya baiskeli. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yasizibwe.

Kabla ya kurudisha kava, chukua betri moja ya volti 1.5, gusisha chanya yake kwenye waya chanya wa spika na hasi kwenye hasi, upande wa deki waya zikiwa zimechomolewa. Pia ya spika itaruka: ama nje, ama ndani. Fanya hivyo milango yote. Zote zikitoka nje, vema. Moja ikiingia ndani, imeunganishwa kinyume, na ndani ya gari dogo spika mbili zinazosukuma kinyume hufutiana besi kama mbele na nyuma ya spika moja. Geuza waya mbili, ndani ya dakika moja besi inaweza kurudi kabla hujakata mbao yoyote. Kama mikono inakuwasha kufanya jambo moja tu leo, fanya hili.

Nimemaliza ya gari, ila kuna mdudu siwezi kumwacha. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha habari za nyenje wa mitini, mdogo, mwembamba, ambaye mbawa zake ni fupi mno kwa wimbi analoliimba. Dume hutafuna jani mpaka litoboke, tundu likimtosha. Kisha hujichomeka humo, akazitandaza mbawa zikalingana na uso wa jani, akaanza kuimba, na jani zima likawa kiambaza. Baadaye wanasayansi wa India wakimchunguza ndugu yake wakagundua kwamba si madume wote wanaotoboa majani. Wanaofanya hivyo zaidi ni wale wadogo, wenye sauti hafifu. Na majike, wakiisikia sauti ile iliyokuzwa na jani, huwaendea.