Nyumba Inapogeuka Jina la Ukoo: Chimbuko la Jina Adimu la Kibaski Arizmendiarrieta na Tatizo la Kuwahesabu Wenye Jina Hilo

Ikisiri

Majina ya ukoo ya Wabaski kwa sehemu kubwa ni majina ya mahali, na hasa majina ya nyumba za mashambani. Makala hii inachunguza jina moja adimu, Arizmendiarrieta, kwa kulilinganisha na jina jirani lililoenea duniani, Bolívar. Inaeleza muundo wa jina hilo, namna lilivyofungamana na nyumba na kisha kuachana nayo, na sababu zinazofanya idadi ya wenye majina ya aina hii kuwa ndogo na ngumu kuhesabiwa. Inadaiwa kwamba sehemu ya uadimu huo hutokana na uzazi na urithi, na sehemu nyingine hutokana na sajili zenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika mkoa wa Bizkaia, kaskazini mwa Uhispania, kuna mji mdogo wa Markina. Kilomita chache kutoka hapo kipo kijiji cha Bolibar. Kutoka katika kijiji hicho, mwishoni mwa karne ya 16, mtu mmoja aitwaye Simón de Bolívar alifika Caracas. Mzao wake mwenye jina hilohilo aliongoza vita vya ukombozi vya Amerika ya Kusini, na mwaka 1825 nchi nzima, Bolivia, ikapewa jina kutokana na ukoo wake. Huko Markina kwenyewe, mwaka 1915, alizaliwa José María Arizmendiarrieta, padre aliyepelekwa katika mji wa Mondragón mwaka 1941 na kuanzisha harakati ya ushirika ambayo kiwanda chake cha kwanza kilianzishwa mwaka 1956. Watafiti wa ushirika wanalifahamu jina lake. Hata hivyo, nje ya Nchi ya Baski ni nadra mno kukutana na mtu mwingine mwenye jina hilo.

Majina hayo mawili yana asili ya aina moja na yametoka katika bonde moja. Jina moja limekuwa nchi, na jingine limebaki kuwa la watu wachache. Tofauti hiyo haielezeki kwa maana ya majina yenyewe. Inahitaji maelezo ya kiisimu, ya kisheria na ya kidemografia kwa pamoja.

2.0 Muundo wa jina

Kibaski, ambacho wenyewe hukiita Euskara, hakina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote iliyo hai. Wazungumzaji wake wanaishi pande zote mbili za milima ya Pirenei, katika mikoa minne ya kihistoria iliyo Uhispania na mitatu iliyo Ufaransa. Maandishi ya mawe ya enzi ya Warumi yaliyopatikana Akwitania yana majina ya watu kama Nescato na Cison, ambayo msomaji wa Kibaski cha leo huyatambua mara moja: neskato ni msichana na gizon ni mwanamume. Kwa hiyo, majina ya watu ndiyo ushahidi mkongwe kuliko wote wa lugha hiyo. Hilo ndilo lililoifanya onomastiki kuwa taaluma nzito huko.

Jina Arizmendiarrieta linachanganulika katika mofimu nne. Ya kwanza ni haritz, yaani mti wa mwaloni. Ya pili ni mendi, mlima. Ya tatu ni harri, jiwe. Ya nne ni kiambishi tamati -eta, ambacho huonyesha mahali penye wingi wa kitu. Sauti /h/ haitamkwi katika lahaja za magharibi, na ndiyo maana haionekani katika jina. Sauti inayoandikwa tz, ambayo ni kizuio-kwamizo, hugeuka kuwa kikwamizo kinachoandikwa z inapotangulia konsonanti nyingine. Hivyo haritz na mendi vikaungana kuwa Arizmendi, "mlima wa mialoni". Harri na -eta vikawa Arrieta, "penye mawe mengi".

Mpangilio wa maneno unastahili kuangaliwa na msomaji wa Kiswahili. Kivumishi cha Kibaski hufuata nomino kama ilivyo katika Kiswahili: etxe ni nyumba na berri ni -pya, kwa hiyo Etxeberri ni "nyumba mpya", neno kwa neno. Lakini nomino inapofafanua nomino nyingine, mpangilio hugeuka, na kifafanuzi hutangulia. Kwa kanuni hiyo, tafsiri nyoofu ya jina zima ni "Arrieta ya Arizmendi", yaani mahali penye mawe palipo katika mlima wa mialoni, na si "mlima wa mialoni wenye mawe". Kuna uwezekano wa pili: kwamba Arizmendi na Arrieta, ambayo kila moja ni jina la ukoo linalojitegemea na lenye watu wengi zaidi, yaliunganishwa. Muundo wa jina peke yake hauwezi kuamua kati ya njia hizo mbili. Mwanaisimu Koldo Mitxelena, katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu majina ya ukoo ya Kibaski, alijenga uchanganuzi wake juu ya maumbo ya zamani yaliyo katika nyaraka, badala ya kutegemea mfanano wa sauti pekee. Tahadhari hiyo ilihitajika, kwani kabla yake wapenzi wengi wa lugha walijitungia maana za kupendeza. (Jina la Mitxelena mwenyewe ni mfano mzuri wa aina nyingine: ni "ya Mitxel", nyumba iliyoitwa kwa jina la mwenyewe.)

Bolívar, kwa upande wake, ni bolu na ibar. Ibar ni bonde. Bolu ni kinu cha kusagia nafaka, neno lililotoholewa kutoka Kilatini. Jina zima ni "bonde la kinu".

3.0 Nyumba iliyompa mtu jina

Msingi wa maisha ya mashambani ya Wabaski ni baserri, nyumba kubwa ya mkulima pamoja na shamba, malisho na msitu wake. Nyumba ilikuwa na jina kabla ya mtu kuwa na jina la ukoo. Aliyehamia ndani yake, hata kwa ndoa, aliitwa kwa jina la nyumba hiyo, na aliyeondoka aliweza kuitwa jina jingine. Katika hali hiyo jina lilikuwa kama anwani.

Mambo mawili yaliligandisha. La kwanza ni Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, ambao uliwalazimisha maparoko kuweka vitabu vya ndoa, na desturi ya vitabu vya ubatizo nayo ikaenea. Padre aliyeandika jina la baba alilirudia kwa mtoto, hata kama mtoto aliishi nyumba nyingine. La pili ni sheria za kimila za Bizkaia na Gipuzkoa, ambazo ziliwatambua wenyeji wote kuwa na hadhi ya uungwana. Ili kuthibitisha hadhi hiyo anapokwenda Kastilia au Amerika, Mbaski alipaswa kuonyesha nyumba alikotoka. Jina la nyumba likawa hati yake ya kusafiria. Aliyebadili jina alikuwa akiitupa hati hiyo.

Tangu hapo nyumba na jina vikaanza kuachana. Arizmendiarrieta ni mfano ulio wazi: hakuzaliwa katika nyumba yenye jina lake. Alizaliwa katika nyumba iitwayo Iturbe, yaani "chini ya chemchemi". Majirani wa mashambani waliendelea kutambuana kwa majina ya nyumba, huku sajili ikitumia jina lililogandishwa karne kadhaa nyuma. Kila mtu alikuwa na majina mawili, moja la mdomo na moja la karatasi. Takwimu hutumia lile la karatasi tu.

4.0 Kwa nini jina huwa adimu

Jina linalotokana na sura ya nchi inayopatikana kila mahali huzaliwa mara nyingi. Nyumba mpya zilijengwa kila bonde, kwa hiyo Etxeberria lilichipuka sehemu nyingi bila ukoo mmoja kuwa na uhusiano na mwingine. Mahali penye mawe pamoja na mlima wa mialoni, kwa pamoja, ni maelezo ya kipekee. Kadiri jina linavyokuwa refu na mahususi, ndivyo uwezekano wa kuzaliwa zaidi ya mara moja unavyopungua. Jina la mofimu nne kwa kawaida huanza na nyumba moja.

Kuanza na nyumba moja ni kuanza na hatari. Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza hadharani ni kwa kiwango gani majina ya ukoo hutoweka kwa bahati tu, na Henry William Watson, kasisi na mwanahisabati, akamjibu. Watson alikosea katika hitimisho lake kwamba majina yote lazima yatoweke, lakini mbinu yake ilikuwa sahihi, na baadaye ilisahihishwa. Ikiwa kila mwanamume kwa wastani ana mtoto mmoja wa kiume au chini ya hapo, jina la mstari mmoja hatimaye hutoweka. Wastani ukizidi mmoja, jina laweza kudumu, lakini bado laweza kutoweka katika vizazi vya mwanzo likiwa na watu wachache.

Urithi wa Kibaski uliongeza hatari hiyo. Ili shamba lisigawanyike, mrithi alikuwa mmoja, na huko Bizkaia wazazi waliweza kumchagua mwana au binti. Ndugu waliobaki walikwenda baharini, Amerika, au katika upadre. Aliyekwenda Amerika aliweza kulizidisha jina mara nyingi huko ugenini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bolívar, ambalo leo ni jina la watu wengi Venezuela na Kolombia kuliko bonde lake la asili. Aliyekuwa padre hakulizidisha kabisa. José María Arizmendiarrieta alifariki mwaka 1976 bila mtoto; umaarufu wake haukuongeza hata mtu mmoja katika hesabu ya wenye jina lake.

Utaratibu wa Kihispania wa majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, huonekana kama kinga, lakini kwa kweli ni ucheleweshaji. Wanawake watatu wenye jina adimu wanalipeleka kwa watoto wao katika nafasi ya pili. Watoto hao wana jina hilo kisheria na wanahesabika. Wajukuu hawana. Kwa hiyo jina laweza kuonekana kuwa imara katika takwimu za kizazi kimoja na kuporomoka katika kinachofuata bila mtu yeyote kufa kabla ya wakati wake.

5.0 Sajili, tahajia na sheria

Taasisi ya Takwimu ya Uhispania huchapisha idadi ya watu wenye kila jina la ukoo katika nafasi ya kwanza, ya pili, na zote mbili. Kwa ajili ya kulinda faragha, jina lenye watu wachini ya 20 katika nchi nzima halionyeshwi. Majina yaliyo hatarini zaidi ndiyo hasa yasiyoonekana. Mtunga sera anayetafuta orodha ya majina yanayokaribia kutoweka hataipata katika jedwali la umma.

Tatizo la pili ni tahajia. Sajili ya kiraia ya Uhispania ilianza kazi mwaka 1871 na kwa muda mrefu iliandika majina kwa tahajia ya Kikastilia. Chini ya Franco, amri ya mwaka 1938 ilipiga marufuku majina ya ubatizo ya Kibaski. Majina ya ukoo hayakufutwa, lakini yalibaki katika vazi la Kikastilia. Sheria ya mwaka 1999 iliruhusu mtu kurekebisha tahajia ya jina lake la ukoo ili ifuate lugha ya asili. Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa mmoja Echeverría na mwingine Etxeberria, na kompyuta inawahesabu kuwa wa koo mbili. Kwa jina lenye watu wengi, mgawanyiko huo ni kero ndogo. Jina lenye watu 30 likigawanyika katika tahajia mbili zenye watu 15 kila moja hutoweka machoni pa umma siku hiyohiyo, na kila mwenye jina hilo yu hai.

Kwa Arizmendiarrieta kuna mtego wa ziada. Mtoto wa baba aitwaye Arizmendi na mama aitwaye Arrieta huandikwa Arizmendi Arrieta. Tofauti kati yake na mtu wa ukoo wa Arizmendiarrieta ni nafasi moja tupu kati ya maneno. Karani wa nchi ambako mtu ana jina moja la ukoo hulikata jina la pili, au huunganisha yote mawili, kwa kufuata upana wa kisanduku cha fomu. Jina hilo pia limekuwa likifupishwa na wazungumzaji: padre mwenyewe aliitwa Arizmendi kwa kifupi, na maduka ya mikate ya ushirika huko California yanayomuenzi, ambayo la kwanza lilifunguliwa Oakland mwaka 1997, yamelichukua umbo hilo fupi. Umbo lililosafiri ni la jina jingine la ukoo, lililokuwa la kawaida tangu mwanzo.

Kwamba jina la nyumba ya Kibaski laweza kusafiri mbali na kuacha ukoo wake nyuma, Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Francisco Xavier, aliyezaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Javier huko Navarra, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Xavier ni Etxeberri lililopita katika vinywa vya wazungumzaji wa lugha za Kirumi. Wakatoliki wa Kenya na Tanzania wanaobatizwa Xavier, Xaveri au Xavery wanaitwa "nyumba mpya", ingawa kwao ni jina la mtu wala si la ukoo, na hakuna nyumba ya kulionyesha.

Tangu tarehe 30 Juni 2017, wazazi nchini Uhispania huchagua ni jina la nani litatangulia. Jina la baba halina tena kipaumbele cha kisheria. Wasipoafikiana, afisa wa sajili ndiye anayeamua kwa kuzingatia maslahi ya mtoto, na uamuzi wa mtoto wa kwanza huwafunga wadogo zake wote. Kwa mara ya kwanza, binti wa ukoo adimu ana uwezo uleule alio nao kaka yake wa kulipeleka jina kwa wajukuu. Athari yake haitaonekana katika jedwali hadi watoto waliosajiliwa mwaka huo waanze kuzaa.