Fahamu: Kundi linganishi ni nini, na kwa nini utafiti hauaminiki bila hilo?

Jaribio huanza na nadharia tete, yaani kauli inayoweza kupimwa na kukanushwa. Miaka ya 1990 mkoani Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita, nadharia hiyo ilikuwa hii: kutibu vyema magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi ya VVU. Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita; kura ikaamua ipi katika kila jozi iboreshewe matibabu kwanza. Zilizosubiri zikawa kundi linganishi, kwani bila hizo mtu angeweza kusema nafuu imeletwa na kampeni za redio. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizoboreshewa matibabu, dhidi ya 1.9 katika kundi linganishi.

Mbona basi jaribio kama hilo la Rakai, Uganda, halikuona nafuu hiyo? Huko, katika jamii zilizotibiwa, watu walitibiwa magonjwa ya zinaa kwa wingi, tena janga la VVU lilikuwa limeshakomaa. Kurudia jaribio hakuvunji sayansi. Huonyesha jibu linafaa wapi.