Uwanja Ukishamaliza Sherehe Yake

Asubuhi ya mwezi wa Julai mjini Songea si jambo la kufanyiwa mzaha na mtu aliyezaliwa visiwani. Tulipotoka nje ya nyumba ya mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu aliyetukaribisha kwa juma zima, tulikuwa tumevaa kila nguo tuliyokuja nayo, na juu yake tumejitanda kanga mbili za mama mwenye nyumba, wala hatukuona haya. Mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima Matogoro, ambako Mto Ruvuma unapata chemchemi zake, na majani ya kando ya njia yalikuwa yakichuruzika umande.

Watoto wa mtaa hawakuwa na habari na baridi hiyo. Walikuwa na kigari chao cha mbao, magurudumu yake ya mbao vile vile, na kamba ya katani ya kukiongozea. Walikivuta hadi juu ya mteremko, wakapanda watatu watatu, mdogo wao akawekwa mbele, kisha wakateremka kwa kelele zilizowaamsha mbwa wa nyumba zote. Breki ilikuwa ni visigino vya dereva. Mmoja wao, alipokwisha kutuamkia kwa adabu, akatuuliza, "Babu, huko kwenu Unguja watoto wanateremkia wapi?" Tulimjibu kwamba kwetu hakuna milima ya kutajika, na kwamba watoto wa mjini hupiga mbizi kutoka ukuta wa Forodhani wakaangukia baharini. Akafikiri kidogo, akasema kwamba hiyo nayo ni kuteremka.

Kigari kile kilitukumbusha mahali palipo mbali sana na Songea, ambapo tulipaona kwa macho yetu mwaka juzi, tulipokwenda kumtembelea ndugu yetu anayeishi Calgary, nchini Kanada. Mji huo nao uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, lakini hapo ndipo ulingano wake na Songea unapokoma, maana baridi ya Calgary huigandisha mito. Mnamo tarehe 13 hadi 28 Februari, 1988, mji huo uliandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Pembeni mwa mji, juu ya kilima kilichokuwa zamani mahali pa kutelezea theluji wikiendi, palijengwa minara ya kurukia na mfereji mrefu wa barafu wa kuserereshea vigari visivyo na magurudumu.

Wasomaji wetu wenye umri wetu huenda wakakumbuka vichekesho vilivyotokea juu ya kilima hicho. Mwingereza mmoja, Michael Edwards, aliyevaa miwani minene, aliruka kutoka minara yote miwili akawa wa mwisho mara zote mbili, na watu wakampenda kuliko washindi. Wajamaika, watu wa kisiwa kisichojua theluji, walileta timu ya kuserereka katika mfereji wa barafu. Kigari chao kikapinduka, nao wakatoka ndani yake wakatembea kwa miguu mpaka mwisho wa njia huku wakishangiliwa. Na asidhani mtu kwamba mambo haya hayatuhusu kabisa watu wa Afrika Mashariki. Miaka 10 baadaye, huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za kilomita 10 za skii akamaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie.

Basi sisi tulipofika katika kilima kile cha Calgary hatukukuta theluji. Ilikuwa Julai, jua kali, na nyasi za kijani. Tulikuta familia. Baba na watoto wake wanne, akina mama wenye vikapu vya chakula, vijana wenye baiskeli zenye matairi mapana, mabibi wakikaa kivulini. Viti vinavyoning'inia kwenye waya, vile vile vinavyowapandisha wateleza theluji wakati wa baridi, vilikuwa vinawapandisha watoto mpaka kileleni. Huko juu kila mmoja hupewa kofia ngumu na kigari kidogo cha magurudumu matatu, kisha huteremka kwa njia ya saruji yenye urefu wa takriban kilomita 1.8 iliyojaa kona, iliyofunguliwa mwaka 2018. Mwenye kutaka kasi huachia usukani mbele. Mwenye kuogopa huuvuta kwake, kikasimama. Shemeji yetu alikataa katakata. Sisi tulikubali kwa sababu mpwa wetu wa miaka tisa alikuwa anatutazama, na tunakiri kwamba katika kona ya tatu tulisoma dua zote tulizofundishwa chuoni tukiwa wadogo.

Tuliposhuka na miguu ikaacha kutetemeka, tuliketi tukaitazama minara ya kurukia. Ilikuwa imesimama kimya juu ya vichwa vya watoto. Ndipo tulipoanza kuuliza mambo ambayo mtu wa gazeti huuliza, yaani nani analipa, na nini kimekufa hapa.

Jawabu la swali la kwanza ni kwamba Michezo ile haikuacha majengo peke yake. Iliacha pia mfuko wa akiba, na chombo maalumu cha kuutunza na kuyaendesha majengo, ambacho siku hizi hujulikana kwa jina la WinSport. Majengo yalikabidhiwa pamoja na fedha za kuyatunza. Jambo hili ni dogo kulitamka, lakini ni nadra kulitenda. Sarajevo, iliyoandaa Michezo kama hiyo mwaka 1984, nayo ilijenga mfereji wake mlimani Trebević. Vita vya 1992 hadi 1995 vikaukuta huko, na leo watu hupanda mlimani kuutazama kama gofu lililochorwa rangi za kila namna.

Lakini jawabu la swali la pili lilituhuzunisha. Hata Calgary, pamoja na mfuko wake, haikuweza kuokoa kila kitu. Minara ilikoma kutumiwa na warukaji mwaka 2018. Mfereji wa barafu ulihitaji matengenezo ya takriban dola milioni 25 za Kanada. Fedha zote hazikupatikana, ukafungwa mwaka 2019. Mnamo Novemba 2018 wakazi wa mji waliulizwa kwa kura kama wanataka kuomba Michezo ya mwaka 2026, na asilimia 56 wakasema hapana. Hivyo mabingwa wa kuserereka wakakosa mfereji wao, huku vigari vya watoto vikijaa wateja kwenye mteremko ule ule. Wapo wenyeji wanaoona hiyo ni fedheha. Sisi hatuoni hivyo. Bingwa mmoja huja mara chache katika maisha ya mji, bali mtoto wa miaka tisa huja kila Jumamosi, na huja na mama yake, na mama huja na mfuko wake wa fedha. Hata hivyo haifai tuwapambe kupita kiasi: kiingilio cha michezo ile si cha mtu maskini, na tuliwaona watu waliokuja wakatazama tu.

Turudi Songea. Mchana, baridi ilipopungua, mwenyeji wetu alitutembeza. Tulipita Uwanja wa Majimaji. Timu ya mji huu, ambayo wapenzi wake huwaita Wanalizombe, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018, mwaka ule ule ambao minara ya Calgary ilinyamaza. Siku tuliyofika hapakuwa na mechi. Wavulana walikuwa wakicheza mpira nje ya ukuta, juu ya vumbi, magoli yao yakiwa matofali mawili mawili. Nao ukuta ulikuwa umewatenga na uwanja mkubwa usiokuwa na mtu ndani. Hatulaumu mtu kwa hilo. Viwanja vingi vya nchi yetu viko hivyo, bara na visiwani, na kila mwenye ufunguo ana sababu yake nzuri ya kufunga. Tunasema tu kwamba tuliona.

Kutoka hapo tulikwenda Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari, 1906. Huko tulinyamaza. Tunapataja ili asije mtu akadhani tunataka kila mahali pa zamani pageuzwe pawe pa bembea. Yapo mahali ambapo kazi yake ni kukumbusha, na mtoto anayepelekwa huko anapaswa kushikwa mkono na kusimuliwa.

Bali ipo Ruhila, bustani ya asili ya wanyamapori iliyo ndani ya eneo la manispaa, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ni jambo la neema kwa mji kuwa na mwitu wake karibu kiasi hicho. Mzazi wa Songea hana haja ya kumpandisha mwanawe basi siku nzima ili akamwone pundamilia. Mwenyeji wetu alituambia, tukiwa tumekaa chini ya mti wa miombo, kwamba wakati akifundisha aliwapeleka wanafunzi wake pale kwa miguu, na kwamba wengi wao ni mababu sasa na bado humkumbusha safari ile kila wakutanapo naye sokoni. Hawamkumbushi hesabu alizowafundisha. Alisema hivyo kwa kicheko, lakini tulihisi kwamba jambo hilo limemchoma kidogo.

Sisi wa visiwani tunao mfano wetu, nao si wa kudharauliwa. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo mjini Unguja, na vile vya Tibirinzi huko Chake Chake, vimejengwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar, na siku za sikukuu mtu hapati pa kuweka mguu. Forodhani nayo, baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, imekuwa sebule ya mji mzima. Tunajua basi kufanya jambo hili. Tunalolihofia ni kwamba tunalifanya mbali na viwanja vyetu vya michezo, kana kwamba mchezo wa mabingwa na mchezo wa watoto ni mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja.

Na hofu hiyo ina wakati wake. Mnamo Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kwa ajili hiyo Arusha ilipangiwa uwanja mpya wa watazamaji 30,000. Amaan, uwanja wetu uliofunguliwa mwaka 1970, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwezi wa Desemba 2023. Tumefurahi kama kila mwananchi. Lakini mashindano ya namna hii huchukua juma chache, na zege hukaa miaka 50. Waheshimiwa wanaotia saini mikataba ya ujenzi wanajua vizuri bei ya kila kiti. Tungependa kuona, katika karatasi zile zile, ukurasa unaosema nani atafyeka majani ya uwanja huo mwaka 2035, kwa fedha ya fungu lipi, na mlango upi utakuwa wazi siku ya Jumamosi isiyokuwa na mechi.

Hatuombi njia za saruji za kilomita nzima wala viti vya kuning'inia. Kipande cha ardhi chenye miti nje ya ukuta kingetosha kwa kuanzia, pamoja na bembea zinazokaguliwa, maji ya kunywa, choo safi, na kiingilio ambacho mchuuzi wa samaki wa Darajani au mkulima wa mahindi wa Songea anaweza kuwalipia watoto watano bila kukopa. Ardhi hiyo itengwe sasa, kabla haijagawiwa viwanja vya maduka, kwa sababu baada ya maduka hakuna ofisa atakayethubutu kuirudisha. Gombani, kule Pemba, bado inayo nafasi ya kufikiriwa hivyo, na Uwanja wa Majimaji vile vile, endapo wenye ufunguo na halmashauri watakaa meza moja.

Siku ya kuondoka tuliamka mapema kulikimbilia basi. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku ya kwanza, na watoto walikuwa tayari mtelemkoni. Kigari chao kilikuwa kimepoteza gurudumu moja la nyuma, na yule aliyetuita babu alikuwa amepiga magoti akichonga jingine kwa kisu cha jikoni. Alituomba tumshikie mti usitikisike. Tukaweka mizigo chini tukaushika, na basi likatungoja kidogo.